Maswali na Majibu: Fundi wa Kusubu Asiye na Karatasi

Barua nilizozichagua safari hii zimetoka kwa watu wa kazi moja, kusubu, yaani kuyeyusha na kumimina metali, ambayo wakazi wa Dar es Salaam huyatumia matunda yake kila siku bila kuijua. Mfuniko wa shimo la maji taka unaoukanyaga Kariakoo, puli ya mashine ya kukoboa na sufuria iliyoko jikoni kwako vilianza kama uji wa moto uliomiminwa ndani ya kalibu, yaani umbo la mchanga lenye nafasi ya kifaa kinachotakiwa.

Ndugu Mshauri, nimefanya kazi ya kusubu kwa miaka 11 katika karakana moja kandokando ya Barabara ya Nyerere. Nafinyanga kalibu, nayeyusha na kumimina, na vijana wengi wamejifunza kwangu. Mwaka huu tumeletewa msimamizi aliyehitimu chuo. Mimi ndiye ninayemwelekeza, lakini mshahara wake umeupita wangu, na nikiuliza naambiwa sina cheti. Nina miaka 38. Je, nirudi darasani? — Fundi, Gongo la Mboto

Huna haja ya kuanza moja. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi hupimwa kwa kazi anayoifanya kwa mikono, huhojiwa, huonyeshwa upungufu wake na kufundishwa yale tu yaliyopungua kabla ya kutunukiwa cheti. Fika katika chuo chao cha Chang'ombe, uulize fani ya kusubu hupimwa lini na wapi.

Nionavyo, mikono yako haitakuangusha. Fundi wa kalibu huchota konzi ya mchanga, huifumbata, kisha huivunja katikati: ikikatika kwa ukingo safi huku alama za vidole zimebaki, unyevu umetosha, ikimeguka yote, mchanga ni mkavu, ikiacha maji kiganjani, hapo pana hatari. Hayo unayajua kuliko msimamizi wako. Kinachoweza kukupa tabu ni kueleza kwa hesabu na kwa mchoro kile unachokifanya kwa mazoea. Chuma cha kusubu, kwa mfano, husinyaa kwa takriban asilimia 1 kinapopoa, na alumini husinyaa zaidi kidogo, ndiyo maana umbo la mbao la kutengenezea kalibu huchongwa kubwa kuliko kifaa kinachotakiwa. Wewe huongeza kwa kukadiria kwa jicho, ilhali mpimaji atataka milimita. Tenga jioni chache ujifunze kusoma michoro.

Kusanya pia picha za kazi zako, na kama uliwahi kufanya kazi kwingine, kadai hati ya utumishi, kwa kuwa sheria humpa mfanyakazi anayeondoka haki ya kupewa hati hiyo. Waajiri wa fani hii ni hodari wa kulalamika kwamba mafundi wenye vyeti hawapatikani, ilhali kila mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hutozwa Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, na sehemu ya fedha hizo ndiyo inayoiendesha VETA. Sikuahidi kwamba cheti kitapandisha mshahara wako kesho yake. Kitaondoa kisingizio, na mazungumzo yenu yatahusu kazi yenyewe.

Nimekuwa kibarua wa kiwanda cha kusubu kwa miaka mitatu, siku sita kwa wiki. Wiki tatu zilizopita chuma kiliruka wakati wa kumimina, matone yakaingia ndani ya raba niliyovaa, nikaungua mguu. Bosi alinipa shilingi 50,000 akasema nisiende mbali, kwani mimi si mwajiriwa bali fundi wa kujitegemea: nalipwa kila Jumamosi na sijasaini mkataba wowote. Je, ni kweli? — Kibarua, Mbagala

Pole sana, ndugu yangu. Maneno ya bosi wako husemwa katika karakana nyingi za jiji hili, na yameaminiwa kupita kiasi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema kwamba anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo jambo moja tu kati ya kadhaa yaliyotajwa litakuwepo: kwamba namna ya kufanya kazi au saa zake huamuliwa na mwingine, kwamba amekuwa akifanya kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba humtegemea mtu huyo kiuchumi, kwamba hupewa vitendea kazi, na kadhalika. Wewe saa 45 unazimaliza kwa wiki moja. Tanuri si lako, mchanga si wako, na saa ya kumimina huipangi wewe. Kulipwa Jumamosi ni namna ya kulipwa tu, na kukosekana kwa mkataba wa maandishi ni kosa la aliyepaswa kuuandika.

Ukishakuwa mfanyakazi, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, unakuhusu. Michango yake hulipwa na mwajiri peke yake, haikatwi katika ujira wako, na mafao yake ni pamoja na matibabu, malipo ya muda ambao mguu umekuzuia kufanya kazi, na fidia iwapo utabaki na ulemavu. Shilingi 50,000 haziyafuti hayo. Hospitali waambie wazi kwamba uliungulia kazini, uhakikishe maneno hayo yameandikwa, kwa maana wengi husema "niliungua nyumbani" ili kumstahi bosi, na karatasi hiyo ndiyo inayokuja kuwahukumu. Kisha mtake mwajiri aitaarifu ofisi ya Mfuko, na asipofanya hivyo, fika wewe mwenyewe. Ukiachishwa kazi kwa sababu hiyo, mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Migogoro mingine hupewa siku 60. Usingoje kidonda kipone ndipo uhesabu siku.

Kuhusu ajali yenyewe, chuma hakiruki bila sababu. Maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700, kwa hiyo tone lililojificha katika chungu kisichopashwa moto, au katika kipande cha chuma chakavu kilicholala nje usiku wa mvua, hutosha kuurusha uji wote hewani. Raba si kiatu cha kazi hiyo. Hutakiwa buti la ngozi lisilo na kamba, ambalo huvuliwa kwa mkupuo mmoja, huku suruali ikishuka juu ya buti badala ya kuchomekwa ndani, ili matone yasipate pa kuingilia. Vifaa hivyo hununuliwa na mwajiri.

Mwanangu ana miaka 15 na amemaliza darasa la saba. Mjomba wake anayesubu sufuria anataka kumchukua amfundishe kazi. Nikubali? — Mama wa Temeke

Mama, mjomba ana nia njema, lakini asubiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mwenye miaka 14 kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma, nayo inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mahali pa kazi palipo na hatari. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za sentigredi, na mara nyingi malighafi ni pistoni na vipande vya injini vyenye oili, ambavyo moshi wake si wa kuvutwa na mtoto. Mpeleke shule, au katika mafunzo ya ufundi yanayolingana na umri wake. Kazi ya mjomba ataikuta.

Tukivunja kalibu vumbi hutanda mpaka hatuonani. Nakohoa tangu Ramadhani. Nimesoma kwamba OSHA imepunguza kiwango cha vumbi viwandani. Mbona kwetu sijaona mabadiliko? — Msomaji, Kipawa

Uliyoisoma ni OSHA ya Marekani. Jina limegongana na la wakala wetu wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, na si wewe wa kwanza kuchanganyikiwa. Kule, kanuni ya mwaka 2016 iliweka kikomo cha vumbi la silika, madini yaliyomo mchangani, kuwa maikrogramu 50 katika mita moja ya ujazo ya hewa kwa zamu ya saa 8, karibu nusu ya kiwango cha awali. Vyama vya waajiri vilikwenda mahakamani kuipinga, navyo vilishindwa Desemba 2017.

Vumbi, hata hivyo, ni lile lile. Mchanga wa kalibu una silika, na chembe zake zinazodhuru ni ndogo mno hata jicho halizioni, ndiyo maana kitambaa unachojifunga mdomoni hakikulindi nazo. Hutia mapafu makovu yasiyotibika na kumweka mtu katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya wanapoajiriwa, wakiwa kazini na wanapoondoka. Uliza ulipimwa lini, na majibu yako wapi. Wakati huohuo pendekezeni mchanga urashiwe maji kidogo kabla ya kufagiwa, baada ya chuma kupoa kabisa, na mpulizo wa kompresa usitumike kusafishia nguo.

Wewe usisubiri kupimwa kazini. Nenda kituo cha afya wiki hii upimwe kifua kikuu, ambacho matibabu yake nchini hayalipiwi, na ukiwa mbele ya daktari usiishie kusema kwamba unakohoa. Mwambie umevunja kalibu za mchanga kwa miaka mingapi.