Mbaazi hazina kosa

Dada, mbaazi za nazi usimnyime mama. Unasema majirani hapo Langoni wanadai foleti, ile vitamini B ya mbaazi na mchicha, inaua nguvu ya dawa anayotumia, methotreksati. Kiasi kilichomo chakulani ni kidogo. Cha kumuuliza daktari ni vidonge vya foliki asidi, yaani foleti ya kutengenezwa. Vidonge hivyo asijinunulie dukani.

Dawa yenyewe ni foleti bandia. Ni kama ufunguo uliochongwa karibu sawa: unaingia kufulini, haugeuki, na kutoka hautaki. Kufuli hilo ni kimeng'enya, kichapuzi cha kazi za mwili, kinachoiandaa foleti itumike. Kikizibwa, seli hukosa malighafi ya kutengenezea DNA, ambayo bila hiyo haziwezi kugawanyika. Zinazogawanyika upesi ndizo huumia kwanza: za saratani, lakini pia za ndani ya mdomo. Shangazi yangu alitokwa na vidonda ulimini, hata uji wa mchele uliopoa ulimtoa machozi, wallahi.

Dawa za namna hii zilianzia wapi? Daktari Sidney Farber wa Boston, Marekani, aliona foliki asidi kama inawazidishia ugonjwa watoto wenye saratani ya damu. Akageuza, akajaribu kuizuia foleti: mwaka 1948 akatangaza kwamba aminopterini, ndugu ya dawa ya mama, imewapa nafuu ya muda watoto 10 kati ya 16.

Mama akitokwa na vidonda au akishikwa na homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.