Ukiambiwa jitambulishe kwenye kijiwe cha falsafa, anza na swali lako

Yani watu wengi wakiambiwa "karibu, jitambulishe" kwenye mazungumzo ya falsafa wanaanza kumwaga majina ya wanafalsafa, Plato, Kant, Nietzsche, Descartes, unaweza kudhani mwalimu anaita mahudhurio. Hapa Dodoma tuna kijiwe chetu, tunakutana jioni maeneo ya karibu na Nyerere Square, wapo walimu, wapo vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma, yupo fundi seremala, yupo na mzee mmoja mstaafu ambae anabomoa hoja yako kwa upole mpaka unamshukuru. Nimeshasikia watu wengi wakijitambulisha pale na ukweli ni kwamba yale majina hayatuambii kitu kuhusu wewe. Tunachotaka kujua ni nini kinakusumbua kichwani.

Nikupe mfano. Kuna dada anauza mboga sokoni Majengo, siku ya kwanza alisema hivi tu: "Shikamooni wakubwa. Babu yangu amelima shamba kule Chamwino toka ujana wake, leo katokea mtu ana karatasi, babu hana. Mi nauliza, mwenye ardhi ni nani?" Akakaa. Basi jamani, siku hiyo hakuna aliyewahi nyumbani.

Maana lile swali limebeba mambo mazito, na kwa mji huu ambao toka serikali ihamie kila mtu anaongelea viwanja, linamgusa hata asiyependa falsafa. Mwanafalsafa John Locke wa Uingereza, kwenye kitabu kilichotoka 1689, anasema ukiweka jasho lako kwenye ardhi ambayo haikuwa ya mtu inakuwa yako. Nyerere nae kwenye andiko lake la 1958, Mali ya Taifa, anaanzia hukohuko kwenye jasho ila anatokea kwingine kabisa: ulichokizalisha kwa nguvu zako ni chako sawa, lakini ardhi hukuitengeneza wewe, ni zawadi ya Mungu kwa wote, kwahiyo unachopata ni haki ya kuitumia. Na mpaka leo sheria zetu za ardhi za 1999 zinasema ardhi yote ni ya umma na Rais ndo mdhamini wake. Mzee wetu akamgeukia yule dada, "sasa mwanangu, babu yako anadai shamba au anadai jasho lake?" Hakuna kati yetu aliyejibu haraka. Sasa fikiria angesema tu "napenda falsafa ya siasa", tungempigia makofi tukaendelea na kahawa.

Ukishasema swali, sema umesoma nini na umeishia wapi, hata kama ni sura mbili, sema sura mbili. Na usiseme kitu kipana sana. Mtu akisema "napenda falsafa ya Kiafrika" mimi nauliza ipi? Maana kuna Placide Tempels, padri wa Kibelgiji, aliyeandika 1945 kwamba Wabantu wote wana falsafa yao moja, halafu akaja Paulin Hountondji wa Benin akapinga, akasema imani za kabila zima sio falsafa, falsafa lazima iwe na mtu anayefikiri na kujibu hoja. Henry Odera Oruka wa Kenya yeye akaenda kuwahoji wazee wenye busara, mmoja mmoja na kwa majina yao, kuonyesha kwamba hata asiyejua kusoma anaweza kuhoji mila zake mwenyewe. Sema unaegemea wapi. Mi niko na Oruka bila kupepesa, kwa sababu mtu anayesema wazee wa kijijini wote wanawaza sawa hajawahi kuwasikiliza wakigombania mpaka wa shamba.

Dini yako kama inaingia kwenye swali lako itaje, kama haiingii iache, hatuandikishi waumini. Cheo pia hivohivo. Usizidishe dakika tatu, na ukiona watu wanaanza kukuuliza kabla hujamaliza ujue imeingia, acha kujieleza, jibu maswali yao.

Na kama swali bado huna, njoo tu ukae, jina lako na mtaa unaokaa vinatosha, hakuna anayekudai.