Kina cha maji kimelingana. Je, kisima kina miaka 41 kabla ya uchafu kufika?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nimetengeneza modeli ya kompyuta ya maji ya chini ya ardhi mahali ambapo tangi la trikloroethilini, kiyeyusho cha kusafishia vyuma, limevuja. Kina cha maji katika visima 14 vya uchunguzi kinalingana na modeli. Tofauti haizidi sentimita 12. Uchafu unaonekana utafika kisima cha maji ya kunywa, mita 600 kutoka kwenye tangi, baada ya miaka 41. Mshauri wetu anasema tuweke mtawanyiko, yaani namna uchafu unavyotapakaa unaposafiri na maji, asilimia 10 ya umbali, kisha nisaini ripoti kwamba kisima ni salama. Nisaini?

Jibu: Usisaini, ndugu yangu.

Swali hili naletewa mara kwa mara, na kila mara kinachotangulizwa ni zile sentimita. Kina cha maji kikilingana, umejua maji yanaelekea wapi. Hujajua yanakwenda kwa kasi gani.

Fanya jaribio hili leo. Zidisha kwa mbili uwezo wa tabaka kupitisha maji, kisha zidisha kwa mbili mvua inayopenya ardhini. Kama modeli yako haina pampu wala kiasi chochote cha maji kilichopimwa, visima vyote 14 vitarudisha kina kilekile, na sentimita 12 zako zitabaki 12. Ila maji sasa yanakwenda mbio maradufu, na miaka 41 imekuwa 20 na ushei. Ipi kati ya modeli hizo mbili ni ya kweli? Visima vyako haviwezi kukujibu.

Tazama namba ulizoniambatishia. Upitishaji ni mita 10 kwa siku, mteremko wa maji ni mita 2 kwa kilomita, nafasi kati ya punje za mchanga ni asilimia 25. Kwa kanuni ya Darcy ya mwendo wa maji ardhini, ambayo imekuwepo tangu 1856, zidisha upitishaji kwa mteremko, gawanya kwa nafasi hizo: hiyo ni sentimita 8 kwa siku, karibu mita 29 kwa mwaka. Maji yenyewe yanafika kisimani kabla ya miaka 21. Iliyobaki umeizalisha wewe, kwa kuweka kwamba udongo unauchelewesha uchafu mara mbili. Hiyo mbili umeitoa wapi? Kama ni jedwali la kitabuni, jedwali halijui mchanga wako. Trikloroethilini hushikwa zaidi na kaboni ya mabaki ya viumbe. Mchanga msafi usio na kaboni hiyo hauishiki karibu kabisa. Na nafasi zinazopitisha maji kweli zikiwa asilimia 15 badala ya 25, maji yanafika kwa miaka 12. Asilimia hiyo ya nafasi haimo kabisa katika hesabu ya kina cha maji kisichobadilika, kwa hiyo hakuna kisima kitakachokushtua ukiikosea.

Kisha kuna kile kinachoninyima usingizi. Tuseme tabaka lako lina unene wa mita 10, na ndani yake umepita mshipa wa changarawe wa sentimita 20 tu, unaopitisha mita 100 kwa siku. Wastani wa tabaka unapanda kutoka 10 hadi 11.8. Kwenye kina cha maji hutauona. Lakini ndani ya mshipa huo maji yanakwenda karibu mita 290 kwa mwaka, na kisima chako kiko umbali wa miaka miwili.

Hili limeonekana uwanjani. Mwaka 1982, huko Borden, Kanada, watafiti waliingiza maji yenye kloridi na bromidi, ambazo husafiri na maji bila kushikwa na udongo, kwenye mchanga unaofanana sana kila mahali, wakayafuatilia kwa sampuli nyingi mno, na hesabu ya kawaida ya mtawanyiko ilifanya kazi vizuri. Miaka michache baadaye, Columbus, Mississippi, penye mchanga na changarawe zilizovurugika, sehemu kubwa ya bromidi ilibaki karibu na pale ilipoingizwa huku ncha nyembamba ikiwa imekwenda zaidi ya mita 200. Hesabu ni ileile, ardhi ni tofauti.

Sasa huyo mshauri na asilimia 10 yake. Mtawanyiko mkubwa unausambaza uchafu kwenye karatasi mpaka unapungua chini ya kiwango kinachoruhusiwa, na ripoti inapendeza. Ardhini hakuna kilichopungua. Niliwahi kuletewa ramani ya rangi nzuri sana ambayo uchafu ulikuwa umepanda mita 80 kinyume na mkondo wa maji. Hakuna aliyejiuliza umepandaje. Mtawanyiko ulikuwa umeongezwa na kuongezwa mpaka namba ya kisima kimoja ikakubali.

Watu wa namna hii wamezidi, na kinachowapa nguvu ni programu: inachora hata kama umeilisha namba za kubahatisha, na ramani yake haina alama inayosema kipi kilipimwa na kipi kilikisiwa. Anayekupa mwaka mmoja, bila mwaka wa mapema na wa kuchelewa, mrudishie kazi yake. Anayesema modeli yake "imethibitishwa" kwa sababu ililingana na data zilezile alizoirekebishia, usimkabidhi kisima cha watu.

Kwa kazi yako: pima maji yanayotoka ardhini kuingia mtoni wakati wa kiangazi, uyaingize kwenye modeli, hapo ule ujanja wa kuzidisha kwa mbili utakwama. Pima tritiumi, hidrojeni yenye mionzi iliyomo kwenye maji, ujue umri wa maji. Chukua vipande vya udongo visivyovurugwa, upime kaboni, na mshipa wa changarawe utafutwe sentimita kwa sentimita. Endesha modeli mara mamia kwa namba zote zinazowezekana, uandike miaka kutoka ipi hadi ipi. Na kisima hicho kianze kuchukuliwa sampuli mwaka huu, kila miezi mitatu.