Unapenda miti na unataka kuisomea? Anzia kitaluni

Wazazi wengi huku kwetu wakisikia mtoto anataka kusomea usanifu wa mandhari, huuliza: "Usome miaka yote hiyo uje uwe mtunza bustani?" Mjomba wangu wa Mikindani aliniuliza hivyohivyo. Utunzaji wa bustani ni kazi ya heshima, ila hii ni nyingine. Msanifu ndiye anayeamua maji ya paa na ya barabara yaelekee wapi, watu wapite wapi, kivuli cha saa nane mchana kiangukie wapi. Suala la mti gani upandwe linakuja baadaye.

Njia yenyewe haina siri. Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kina shahada ya fani hii, na ukihitimu, usajili wa kitaaluma uko kwenye Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Masharti ya kujiunga waulize chuo wenyewe, usitegemee maneno ya vijiweni.

Ninachosisitiza kwa wadogo zangu ni hiki: kabla ya chuo, au kila likizo, kaa kitaluni. Jaza viriba, yaani vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, hamisha miche, mwagilia alfajiri. Kwenye mchoro mti wa mkungu ni duara tu. Kitaluni utaona kwamba mche ukikawia kwenye kiriba, mizizi inagonga chini, inageuka na kuanza kujizungusha. Ukiupanda hivyo, unaweza kudumaa, au ukakua vizuri kisha upepo ukauangusha. Kwa hiyo miche ikiletwa saiti, mimi huchana kiriba kimoja mbele ya mkandarasi. Mizizi ikiwa imejisokota, gari linarudi na mzigo wake. Wananiona mkorofi, sawa tu.

Halafu jifunze mvua za kwenu. Mtwara na Lindi tuna msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Jengo likikabidhiwa Julai, mwenye mali anataka bustani ya kijani siku ya uzinduzi, na mchanga wetu wa pwani haushiki maji hata kidogo. Andika kwenye mkataba kwamba miti itapandwa mvua zikianza, au weka gharama ya kumwagilia miezi yote hiyo. Asiyesoma mvua huumia: mpango wa Waingereza wa kulima karanga enzi za ukoloni, uliofika hadi Nachingwea, ulianza 1947 na kufutwa 1951. Matrekta yalitangulia, udongo na mvua vikasomwa baadaye.

Kuhusu miashoki, ile miti mirefu myembamba isiyotandaza matawi, nina neno. Kila ofisi mpya inapanga miashoki ukutani kama askari wa gwaride, na mwananchi anayesubiri huduma nje anaungua jua. Panda mkungu, unavumilia chumvi ya bahari na matawi yake yanatanda. Panda mwarobaini. Kama eneo ni kubwa na mwenyewe ana subira, mkwaju.

Mwisho ni hela. Mteja atalipia miche bila kusita kwa sababu anaiona, lakini mchoro atauomba "kama zawadi". Tenganisha bei ya mchoro na bei ya kupanda tangu mazungumzo ya kwanza, na pokea nusu kabla hujafungua kompyuta. Akikataa, muuzie miche tu, na hiyo nayo ni biashara.