Kupima ukinzani wa nikeli ndani ya tanuri

Ndugu, umeuliza kwa nini ukinzani (kiwango cha kuzuia umeme) wa fito yako ya nikeli, unaoupima kwa multimita yenye nyaya mbili, hubadilika ovyo tanuri linapofika nyuzi 600 za Selsiasi. Achana na nyaya mbili, kwa sababu ukinzani wa nikeli ni mdogo mno, na multimita huujumlisha na ule wa nyaya na viungio, ambao nao hupanda pamoja na joto. Tumia nyaya nne za platinamu, mbili za nje zipitishe mkondo na mbili za ndani zisome volteji pekee. Kisha, na hapa ndipo wengi hukosea, geuza mwelekeo wa mkondo katika kila kipimo na uchukue nusu ya tofauti ya volteji hizo mbili, maana ncha zenye joto lisilolingana huzalisha volteji zake zenyewe. Themokapo, yaani kipimajoto cha nyaya mbili za metali tofauti, ikae karibu kabisa na fito, si ukutani mwa tanuri. Ukiona mchoro wako wa ukinzani dhidi ya joto unapinda karibu na nyuzi 355, usiufute: hapo nikeli hupoteza usumaku wake wa kudumu, na kwangu mimi mpindo huo ndio uthibitisho bora kwamba vifaa vyako vinasoma sawasawa.