Panga kwa wiki ya homa: kwa mzazi anayeanza kozi za wiki nane

Mwenzangu unayeanza shahada ya uzamili kwa mtandao, kabla hujalipa ada chukua kalamu tupige hesabu. Mimi niliipiga nikiwa nimeshazama.

Kozi moja ya uzamili kwenye vyuo vya Marekani mara nyingi ina krediti 3. Krediti moja huhesabiwa kama saa 45 hivi za kazi: kusikiliza somo, kusoma, kuandika, vyote pamoja. Kozi nzima basi ni saa 135. Kwenye muhula wa wiki 15 hizo ni saa 9 kwa wiki, mtu unapumua. Kwenye muhula wa wiki 8 ni saa 17. Wali ni uleule, sufuria ndiyo imekuwa ndogo.

Mimi nilianza na kozi mbili kwa mpigo, kwa sababu nilitaka kumaliza haraka na kwa sababu hakuna aliyenikataza. Saa 34 za masomo, juu ya saa 45 ambazo sheria yetu ya ajira inaziweka kuwa za kawaida kazini kwa wiki. Jumla 79. Toa usingizi, toa kupika, toa bajaji ya kwenda na kurudi, toa watoto watatu ambao mdogo wao alikuwa bado ananyonya. Wiki ya tatu nikaacha kozi moja, na sehemu kubwa ya ada yake ikaenda na maji. Shahada ya krediti 36 ni kozi 12. Ukienda moja moja, ukaweka na likizo fupi katikati, ni miaka miwili na kidogo. Mbona hata mtoto tunamnyonyesha miaka miwili.

Ukiwa unasoma chuo cha hapa nyumbani au cha Uingereza, usishangae kukuta shahada ya uzamili ina krediti 180. Kule krediti moja ni saa 10 tu. Zidisha mwenyewe uone kuwa mzigo unakaribiana. Na jambo hili niliseme upesi nisije nikalisahau: kabla ya kulipa chuo cha nje, ulizia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama tuzo ya chuo hicho, kwa njia hiyo ya mtandaoni, itatambuliwa. Uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapa ndipo nilipoumia.

Kazi za chuo changu zinafungwa Jumapili saa 23:59 kwa saa za mashariki ya Marekani. Kwetu Tanga hapo ni Jumatatu asubuhi, saa 1:59. Nilipogundua hivyo nilifurahi kama niliyeokota hela: nina Jumatatu alfajiri nzima ya bure! Nikajizoesha kutuma kazi saa 1 na robo, watoto wakiwa wanavaa viatu. Nikaenda hivyo miezi kadhaa. Machi 2025, tuko kumi la kwanza la Ramadhani, nikala daku, nikaswali, nikakaa kuisahihisha kazi yangu kwa raha zangu. Saa 1 na robo nabonyeza, mfumo unaniambia nimechelewa dakika 16.

Kumbe Jumapili ile ya tarehe 9 wenzetu walikuwa wamesogeza saa zao mbele. Hufanya hivyo Jumapili ya pili ya Machi, na huzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi huku jua halina habari na saa ya mtu, hatusogezi chochote, kwa hiyo mpaka wangu wa kutuma kazi ukawa umehamia saa 12:59 bila mimi kuhama. Asilimia 10 ya alama ikakatwa. Nilimwandikia mwalimu nikimweleza habari ya jua na Ikweta. Alinijibu kwa upole kwamba tarehe iko kwenye silabasi.

Ingia kwenye mipangilio ya mfumo wenu leo hii, tafuta saa za eneo. Tanga hutaikuta kwenye orodha. Chagua Dar es Salaam, na isipokuwepo chagua Nairobi, saa zetu ni zilezile. Mfumo ukishajua uliko, utakuonyesha kila mpaka kwa saa yako. Kisha uandike kwa Kiswahili ukutani, saa 12:59 asubuhi, siyo 06:59. Kichwa kilichoamshwa na mtoto anayelia hakina nguvu ya kujumlisha sita.

Lakini ile asilimia 10 haikuwa kosa la saa peke yake. Kosa langu lilikuwa kuishi kwenye dakika za mwisho. Mzazi hana dakika za mwisho. Muhula uliofuata kitinda mimba wangu alishikwa na homa Jumamosi usiku, kipimo kikaonyesha malaria, tukakesha hospitalini hadi Jumapili mchana. Kazi yangu ilikuwa na kichwa cha habari na aya mbili. Nilijaribu kuandika kwenye simu nikiwa nimekaa kwenye benchi la wodi, mtoto kifuani, dripu inadondoka. Sitaki hata kukumbuka nilichoandika.

Nimemaliza mihula tisa sasa. Hakuna hata mmoja ambao wiki zote nane zilipita salama. Kama si homa ni msiba, kama si msiba umeme umelala siku mbili na masika yanapiga. Ndipo nikaacha kupanga kwa wiki nzuri. Napanga kwa wiki ya homa, na ikija bila homa naihesabu zawadi.

Hufanyika hivi. Wiki ya chuo inaanza Jumatatu, yangu inaanza Jumamosi iliyotangulia. Walimu wengi hufungua somo siku mbili tatu kabla; asiyefungua, silabasi yake inataja kurasa za kusoma, na hizo hazisubiri ruhusa. Jumamosi asubuhi baba watoto anawachukua wote, wanaenda sokoni kwanza kisha Raskazone kuogelea. Nina saa 4. Jumapili nina saa 3, mdogo akiwa amelala. Jumatatu hadi Ijumaa naamka saa 10 alfajiri, naandika mpaka saa 11 na nusu, adhana ikiingia naswali narudi. Nusu saa ya mchana kazini naitumia kwa mambo madogo. Jumlisha, utapata saa 17. Ijumaa alfajiri kazi inatumwa. Baada ya hapo nina Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ambazo kwa wiki hiyo hazina jina. Homa ikija inazikuta wazi. Isipokuja, nimeshaingia wiki inayofuata.

Usiniulize usiku. Nilijaribu usiku. Baada ya kuosha vyombo na kulaza watoto nilikuwa nasoma ukurasa mmoja mara nne, na kesho yake kazini naandika namba ya kontena kimakosa. Mimi niko ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari, tarakimu moja ikikosewa kwenye nyaraka mzigo unalala. Saa moja ya alfajiri kwangu ni sawa na mbili za usiku. Wewe huenda ni bundi. Jipime wiki ya kwanza, mapema.

Kusoma kuna ujanja wake. Wiki moja unaweza kupewa makala tatu na sura mbili za kitabu, kurasa 150 na zaidi. Usianze ukurasa wa kwanza. Anza na swali la kazi ya wiki, liandike juu ya karatasi, halafu soma ukilitafutia jibu: muhtasari, hitimisho, majedwali, kisha katikati pale panapogusa swali lako tu. Kila unachokisoma kiingize hapohapo kwenye Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeo, inafanya kazi hata bando likiisha. Muhula wangu wa kwanza nilitumia Jumapili nzima nikitafuta nilikoisoma sentensi moja. Na pakua kila kitu Jumamosi, weka kwenye laptopu na kwenye flashi, maana umeme ukikatika waifai ya nyumbani inakufa nao.

Kiingereza nacho kina bei yake, na wenzako wa darasani hawailipi. Ile hesabu ya saa 45 kwa krediti haikumuwazia mtu anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa lugha nyingine. Kwangu kuandika kulikuwa kunakula karibu mara moja na nusu. Kilichonisaidia ni bajaji. Kutoka nyumbani Makorora hadi kazini najirekodi kwenye simu, kwa Kiswahili cha hapahapa, nabishana na makala: huyu anasema ghala moja kubwa ni nafuu, mbona sisi mzigo wa bara unakwama vile? Dereva alikuwa akidhani nagombana na mtu. Jioni nasikiliza, na hoja inakuwa imeshakaa. Kinachobaki ni kuigeuza, na kugeuza ni rahisi kuliko kuwaza na kugeuza kwa pamoja.

Kazi za kikundi sina mengi ya kusema isipokuwa hili. Wenzako watataka kukutana saa 2 usiku ya kwao, ambayo kwetu ni saa 9 au saa 10 usiku kufuatana na msimu. Mimi niko macho saa 10, kwa hiyo walidhani mimi ndiye mwepesi kuliko wote. Kama huamki, sema mapema uombe ugawiwe sehemu ya kuandika badala ya vikao.

Nisilolitegemea kuwa gumu ni watu. Unaijua Tanga. Harusi moja ina singo, kesha la hina, nikaha na ukumbini, na kila siku ina sare yake. Mtu asiyeonekana huulizwa, asiyeulizwa husemwa. Nilichofanya ni kuchagua siku moja katika kila harusi, nikaichagua mimi kabla sijachaguliwa, na mchango nikautuma wa kwanza kabisa. Anayechangia mapema husamehewa mengi. Msibani ninakwenda, sikuweka hesabu hapo. Nilikuwa pia kijumbe wa mchezo wetu wa kina mama kwa miaka minne, kukusanya pesa kila Jumamosi, kufuatilia wasiolipa. Huo nimeuacha, na uliniuma kuliko nilivyodhani, lakini ule ndio uliokuwa unanila zile saa 4.

Ndani ya nyumba, neno “nisaidie” halikunifikisha popote. Baba watoto alikuwa ananisaidia kweli, ila anauliza kila hatua: kijiko kiko wapi, huyu avae nini. Kusaidiwa hivyo ni kazi ya ziada. Tukakaa tukagawana vitu vizima: Jumamosi asubuhi ni yake, na chakula cha Jumatano usiku ni chake, akipika asipike shauri yake na wanawe. Jumatano za mwanzo walikula mkate na soda. Sasa anapika pweza wa nazi ambaye mimi simfikii, na majirani wanajua.

Mwalimu wako naye mwambie mapema. Wiki ya kwanza naandika mistari mitatu: niko Tanzania, nina kazi na watoto watatu, nitajitahidi kutuma kabla ya siku, na dharura ikitokea nitakujulisha kabla ya mpaka kufika. Hiyo “kabla” ndiyo yenye kazi. Ule usiku wa malaria niliandika Jumatatu, mambo yakiwa yameshaharibika. Safari nyingine, mkubwa wangu alipovunjika mkono, niliandika nikiwa kwenye foleni ya picha, nikapewa siku tatu bila hata kuulizwa cheti.

Ujihadhari na wiki ya nane. Nyingi hazifiki Jumapili. Zinafungwa siku moja au mbili kabla ili walimu wakusanye alama. Angalia silabasi siku ya kwanza, uizungushie duara. Na muhula mwingine huanza wiki inayofuata, wakati mwingine Jumatatu ileile, hata hujakunja mkeka.

Watoto wetu wakisema chuo wanamaanisha cha Qurani, kile cha alasiri. Nilipoanza, wa kati alikuwa na miaka sita, akaniuliza kama na mimi mwalimu wangu ana bakora. Nikamwambia hana, anakata alama. Juzi nimetuma kazi ya mwisho ya kozi ya tisa, nikafunga laptopu mchana kweupe, jambo ambalo hajaliona siku nyingi.

“Mama, chuo kimefungwa?”

“Mpaka Jumatatu.”

“Umefika juzuu ya ngapi?”

Nikamwambia ya tisa, bado tatu. Yeye bado yuko Amma, ile sehemu ya Qurani watoto wanayoanza nayo. Akafikiri kidogo, akasema basi nimemzidi, akaenda zake kucheza.