Redio ya babu inapiga shoti kwenye tundu la antena

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Korogwe, babu alituachia redio ya mezani ya mbao, ina jicho la kijani, na ndani taa za vioo zimeandikwa UCC85, UCH81, UL84. Inawaka ila stesheni zinasikika kwa mbali na mikwaruzo mingi. Nyuma kuna matundu ya antena na ethi (waya wa ardhini), nilipochomeka waya nikapigwa shoti. Nataka nivute waya mpaka kwenye mwembe, nifungeje? Na antena ya tv naweza kuunga?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Kwanza chomoa hiyo redio kwenye umeme na usiiguse mpaka umalize kusoma hapa.

Hizo herufi ulizoniandikia zimeshanionyesha tatizo. Taa zinazoanza na U zilitengenezwa kwa redio zinazokula umeme wa ukutani moja kwa moja bila transfoma, kwa sababu enzi hizo Ulaya mji huu ulikuwa na umeme wa AC (unaogeuka-geuka mwelekeo) na mji ule wa DC (wa mwelekeo mmoja, kama wa betri), ikabidi redio moja ikubali kote. Sasa ubaya wake ni kwamba waya mmoja wa plagi umeungwa kwenye chasisi, yaani bati la ndani linaloshika vifaa vyote, plagi ikikaa hivi chasisi iko kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme), ukiigeuza tu bati lote la ndani linakuwa na volti 230, hadi vile viskrubu vya kubania vinobu, ndio maana usiiwashe bila vinobu wala bila ubao wa nyuma. Ingekuwa taa za E, kama ECH81 na EL84, mara nyingi zinakuwa na transfoma, ila hata hizo mimi napima.

Kupima ni hivi: plagi ikiwa imechomolewa, subiri dakika kumi, swichi ya redio iweke ON, tesita (mita ya kupimia umeme) weka kwenye ohm, gusa chasisi na pini moja ya plagi halafu nyingine. Pini moja ikisoma karibu na sifuri, jua chasisi ni ya moto, yaani inaweza kuwa na umeme wa ukutani.

Kwenye tundu la antena kuna kapasita, kidude kinachopitisha mawimbi ya redio lakini kinazuia huo umeme usitoke nje. Kama ni ile ya karatasi ya kiwandani, ina miaka 60 hivi, imeshavuja, na shoti yako nadhani imetokea hapo. Ing'oe weka kapasita ya usalama iliyoandikwa Y1 au Y2, nanofaradi 1, hiyo kwenye umeme wetu wa 50 Hz inapitisha kama miliampia 0.07 tu, huwezi hata kuisikia mwilini. Usiweke kapasita ya kawaida eti kwa sababu volti zinafanana, ya Y ikifa haifungi shoti. Tundu la ethi nalo lifanyie hivyohivyo, na yale mawili ya FM fundi ayaangalie. Usije ukaunga rodi ya ethi kwenye chasisi moja kwa moja, siku plagi ikigeuka umeunganisha umeme wa moto na ardhi.

Hilo likiisha, waya wenyewe ni kazi nyepesi. Mita 10 hadi 15 za waya wa shaba wenye ganda zinatosha masafa mafupi na ya kati, funga kamba ya nailoni kwenye mwembe na waya uishie kwenye kamba usiguse mti, acha ulegee kidogo maana mti unayumba, na uwe mbali kabisa na nyaya za umeme. Rodi ya ethi igongelee mahali penye unyevu, mita 1.2 au zaidi. Halafu hiyo mikwaruzo, kabla hujaongeza waya zima chaja za simu na balbu za LED moja moja ukisikiliza, vitu hivi vinachafua masafa ya kati kuliko unavyodhani na waya mrefu unaopita juu ya bati la nyumba unazoa uchafu wote.

Antena ya tv hapana, hizi za king'amuzi zimekatwa kwa masafa ya juu zaidi ya FM. Tafuta waya bapa wa nyuzi mbili wa ohm 300, kata mita 1.5, kila ncha unga nyuzi zake mbili pamoja, kisha katikati kata uzi mmoja tu, hizo ncha mbili ndio unaungia waya bapa wa kushuka kwenye matundu ya FM. Ila ujue redio nyingi za umri huo FM inaishia 100 au 104, stesheni za juu ya hapo haziingii hata ukipanda mnazi.

Wingu likianza kunguruma chomoa antena na plagi, waya wa antena uutoe nje ya nyumba kabisa. Ukishapima nitumie majibu ya tesita na picha ya nyuma ya redio nikuonyeshe kapasita ipi ya kung'oa.